Unasikia harufu?

Siku maziwa yalipoungua jikoni kwa mama yangu, kule Chamwino, mpwa wangu alikuwa ameketi hatua mbili tu kutoka kwenye jiko, anachambua mlenda. Sisi tuliokuwa uani, chini ya mwarobaini, harufu ilitufikia kabla yake. Mama akakimbilia jikoni, akakuta sufuria imeshika ukoko mweusi, akamgeukia mjukuu wake kwa hasira: "Wewe, pua yako iko wapi?" Kijana alimtazama tu. Alikuwa na miaka 17, na sote tulidhani ni ule uvivu wa vijana.

Miaka sita baadaye daktari bingwa wa homoni alimuuliza jambo hilo hilo kwa upole: "Unasikia harufu?" Mpwa wangu akajibu kwamba chumvi anaijua, sukari anaijua, na pilipili inamwasha kama watu wengine. Daktari akarudia: harufu, je? Samaki akikaangwa? Mvua ya kwanza ikipiga vumbi? Kijana akanigeukia. "Mjomba, kwani vumbi lina harufu?"

Kwa swali hilo moja, lisilohitaji mashine wala umeme, daktari alipata nusu ya jibu la jambo lililotusumbua kwa miaka: kwa nini kijana wa miaka 23 bado ana sauti ya mtoto, kidevu kisicho na unywele hata mmoja, na mikono mirefu isiyolingana na kiwiliwili. Kabla ya siku ile tulikuwa tumezunguka kote. Kituo kimoja cha afya kilimpa vidonge vya vitamini na kumwambia asubiri. Jirani alisema ni mkono wa mtu. Muuzaji wa dawa mwenye kipaza sauti sokoni alimuuzia unga wa nguvu za kiume, mara mbili. Katika safari yote hiyo hakuna aliyemuuliza kuhusu pua yake. Mpwa wangu ameniruhusu niandike haya bila jina lake, na nimeona niyaandike kwa sababu sayansi ya tatizo hili ni ya muda mrefu, dawa zake zipo, na bado watu wetu huku kanda ya kati wanafika kwa daktari wakiwa watu wazima, wengine wakiwa wameshaachika.

Balehe huanzia kichwani. Ndani ya ubongo, katika sehemu iitwayo haipothalamasi, kuna seli chache mno, zinazokadiriwa kuwa kati ya 1,000 na 2,000, ambazo kazi yake ni kutoa homoni iitwayo GnRH. Homoni hiyo huiamsha tezi ya pituitari, nayo pituitari hutuma homoni mbili nyingine, LH na FSH, kwenye korodani za mvulana au ovari za msichana. Hapo ndipo sauti ya mvulana huwa nzito, matiti huota, msichana huvunja ungo, na baadaye mbegu na mayai hukomaa. Seli zile za juu zikinyamaza, huku chini kila kitu kinabaki kizima lakini kimelala. Umbile la GnRH lilitambuliwa mwaka 1971 katika maabara mbili za Marekani zilizokuwa zikishindana vikali, ya Andrew Schally na ya Roger Guillemin, na wote wawili walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1977.

Mwaka 1978 Ernst Knobil na wenzake walionyesha kwa nyani jambo ambalo mtu wa Dodoma atalielewa haraka kuliko wengi. Walipoitia GnRH mwilini mfululizo bila kukoma, pituitari iliacha kuitikia. Walipoitia kwa mapigo, mara moja kila saa, ikaamka. Aliyewahi kuwasikia akina mama wa Kigogo wakipiga muheme, ngoma zimebanwa mapajani, anajua kwamba nafasi kati ya pigo na pigo ni sehemu ya ngoma. Mwili nao unacheza kwa mapigo. Muheme hupigwa kwenye unyago, wakati msichana anaingizwa utu uzima, na mimi siwezi tena kuisikia bila kukumbuka seli zile chache zinazopiga ngoma yao kichwani, au zinazoshindwa kuipiga.

Na pua inaingiaje? Seli hizi hazizaliwi ubongoni. Mtoto akiwa bado tumboni, huanzia kwenye chimbuko la pua na kusafiri kupanda hadi haipothalamasi, zikifuata njia ile ile ya mishipa ya kunusia. Utafiti wa mwaka 1989 wa Marlene Schwanzel-Fukuda na Donald Pfaff ulionyesha safari hiyo kwa panya, na mwaka huo huo mtoto wa tumboni mwenye ugonjwa huu alipochunguzwa, seli zake zilikutwa zimekwama njiani, hazijaingia ubongoni. Njia ikikatika, mtu hukosa vitu viwili kwa mpigo: harufu na balehe. Daktari wa Hispania, Aureliano Maestre de San Juan, alikuwa ameona dalili hizo mbili pamoja kwenye maiti ya mwanamume mwaka 1856. Ugonjwa ulikuja kupewa jina la Franz Josef Kallmann, aliyezichunguza familia zenye tatizo hili mwaka 1944. Inaniuma kwamba mtu huyo huyo, alipokuwa Ujerumani miaka ya 1930, aliunga mkono kuwafunga kizazi ndugu wa wagonjwa wa akili. Ndilo jina lililoandikwa kwenye faili la mpwa wangu, na sina la kufanya.

Hesabu zinazotumika sana, zilizotoka Finland, zinasema ugonjwa wa Kallmann humpata mvulana mmoja kati ya 30,000 na msichana mmoja kati ya 125,000. Kwa wengi huo ni ugonjwa adimu usiostahili ukurasa wa gazeti. Lakini mkoa wa Dodoma peke yake, kwa sensa ya 2022, una watu zaidi ya milioni tatu. Kama uwiano huo ni ule ule kwetu, tuna wanaume wapatao 50 wa namna hii katika mkoa mmoja, kabla hujahesabu Singida, na kabla hujahesabu wale ambao homoni zao zimelala lakini pua zao ni nzima. Wako wapi hao 50? Mmoja ninamjua. Wa pili nilimzika bila kumjua.

Alikuwa mjomba wangu, kaka wa mama. Hakuoa, alichunga ng'ombe hadi uzeeni, na sauti yake ilikuwa nyembamba kiasi kwamba watoto walikuwa wakiiga. Alisifiwa kwa jambo moja: mnyama akifa na kuoza porini, ndiye aliyetumwa kumfukia, kwa sababu hakuwahi kukunja uso. Watu walisema ana moyo mgumu. Daktari alipomsikia mama akisimulia hayo, aliweka kalamu chini, akachora mti wa ukoo kwenye karatasi. Aina mojawapo ya ugonjwa huu, ile ya jeni iitwayo ANOS1 iliyogunduliwa mwaka 1991, hubebwa na wanawake na kuwaangukia wavulana. Kaka wa mama, kisha mtoto wa dada. Mama yangu aliitazama karatasi ile kwa muda mrefu, akasema, "Kumbe hakuwa jasiri. Alikuwa hasikii."

Sasa nirudi kwa wanaochelewa kwa sababu nyingine, kwa kuwa hao ndio wengi, na nisingependa mzazi asome hapa akashikwa na hofu. Wavulana wengi wanaochelewa ni wa kuchelewa tu, kama baba zao walivyochelewa, na mwili hufika wenyewe. Wengine wana selimundu. Wengine wanaishi na virusi vya UKIMWI tangu kuzaliwa. Wapo wasichana wenye hali ya Turner, waliozaliwa na kromosomu moja pungufu, takriban mmoja kati ya 2,500, na wavulana wenye hali ya Klinefelter, waliozaliwa na kromosomu moja ya ziada, ambao ni wengi zaidi kuliko watu wanavyodhani, kiasi cha mmoja kati ya 600. Na huku kwetu, mvua zikikosekana msimu mmoja na uwele ukakauka shambani, ipo njaa. Tangu homoni ya leptini igunduliwe mwaka 1994 katika maabara ya Jeffrey Friedman, tunajua kwamba mafuta ya mwili huutumia ubongo taarifa kuwa akiba ipo. Akiba ikiwa haipo, ubongo huahirisha balehe. Mtoto aliyedumaa anachelewa kwa sababu mwili wake unajibana. Ndiyo maana daktari wa Dodoma ana kazi ngumu kuliko wa Helsinki: anayechelewa mbele yake anaweza kuwa na njaa, au selimundu, au kimya cha seli zile, au viwili kwa pamoja. Vitabu vyetu vya tiba vimejengwa juu ya watoto walioshiba.

Mipaka yenyewe si ya siri. Msichana aliyefika miaka 13 bila dalili ya matiti, au miaka 15 bila kuvunja ungo, apimwe. Mvulana aliyefika miaka 14 na korodani hazijaanza kukua, apimwe. Kwa korodani kuna kifaa rahisi mno, uzi wenye shanga za ukubwa mbalimbali uliobuniwa na Andrea Prader wa Uswisi, ambao daktari hulinganisha kwa mkono. Shanga! Nchi iliyojaa mafundi wa shanga haiwezi kusema imeshindwa kifaa.

Wasichana wetu, angalau, kuna mtu anayewafikia katika umri huo. Chanjo ya HPV ya kukinga saratani ya mlango wa kizazi ilianza kutolewa nchi nzima mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14, na mwaka 2024 ikapanuliwa hadi wasichana wa miaka 9 hadi 14, dozi moja. Nesi anaingia darasani na sanduku lake la baridi, anawaona mmoja mmoja. Swali la nyongeza kwa binti wa miaka 14 lingechukua nusu dakika, faraghani, kwa heshima. Mvulana hana nesi wake. Akishatahiriwa utotoni, mara nyingi likizo ya kiangazi, hakuna mhudumu wa afya atakayeutazama mwili wake tena hadi aje kulalamika kwamba mke hashiki mimba. Na hata yule anayetahiri anaona: korodani ambayo haijashuka, uume mdogo kupita kiasi. Hizo ni dalili ambazo zinaweza kuonekana tangu mtoto akiwa mchanga, katika ile miezi michache ya mwanzo ambapo homoni za uzazi huamka kwa muda kisha zikalala tena. Kadi ya kliniki ina mstari wa uzito na ina mstari wa chanjo. Natamani iwe na mstari wa korodani.

Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwaka 2023 kwamba mtu mmoja kati ya sita hukumbana na ugumba katika maisha yake. Huku kwetu lawama inajulikana inakoelekea. Mwanamke huitwa tasa hata kabla mume hajapimwa, na mume akipimwa akakutwa na tatizo, ukoo hutafuta mchawi. Katika sababu zote za ugumba wa mwanamume, huu upungufu wa homoni za juu ni mojawapo ya chache zenye tiba ya moja kwa moja, na hapo ndipo kuchelewa kwetu kunaponikera zaidi. Mwanamume aliyepewa sindano za homoni ya LH na FSH, au hCG inayofanya kazi ya LH, kwa miezi kadhaa hadi miaka miwili, ana nafasi nzuri: kiasi cha watatu kati ya wanne huanza kutoa mbegu. Wengine hupata mtoto kwa njia ya kawaida hata mbegu zikiwa chache.

Homoni hizo zina historia inayogusa. Miaka ya 1950 wanasayansi walihitaji mkojo wa wanawake waliokoma hedhi, kwa maana una homoni hizo kwa wingi, nao waliupata kwa watawa wazee wa Italia, nyumba kwa nyumba. Dawa iliyotokana na mkojo huo, kazi ya Piero Donini na Bruno Lunenfeld, ilimpatia mtoto wa kwanza mwanamke wa Israeli mwaka 1962. Wanawake walioapa kutozaa wakawazalisha wengine. Leo sehemu kubwa hutengenezwa maabara.

Lakini ipo hatari ambayo vijana wetu wanapaswa kuambiwa waziwazi. Testosteroni peke yake, ile sindano, humpa mtu sauti, ndevu, misuli na mifupa imara, na mpwa wangu anaihitaji. Haimpi mbegu. Zaidi ya hapo, mwanamume mzima anayejidunga testosteroni ya mtaani ili ajaze kifua huuambia ubongo wake kwamba homoni imetosha, na ubongo hunyamazisha korodani. Nimeona vijana wakinunua ampuli kwa siri. Wanauzima kwa mikono yao wenyewe ule uwezo ambao mpwa wangu anautafuta kwa machozi.

Kuna kundi lingine ambalo halitajwi kabisa, na ni la kina mama. Mimba huikuza tezi ya pituitari karibu mara mbili, na mama akivuja damu nyingi wakati wa kujifungua, tezi hiyo inaweza kukosa damu na kufa kwa sehemu. Harold Sheehan aliieleza hali hii mwaka 1937 akiwa Glasgow. Dalili ya kwanza mara nyingi ni maziwa kutotoka. Kisha hedhi hairudi, mama anachoka, anahisi baridi wakati wenzake wanatoka jasho, nywele za kwapani zinapukutika. Huku kwetu huambiwa ziwa limefungwa na watu. Kwa takwimu za kitaifa, vifo vya uzazi Tanzania vimeshuka kutoka 556 hadi 104 kwa kila vizazi hai 100,000 kati ya utafiti wa 2015-16 na ule wa 2022. Hilo ni jambo kubwa na linastahili shangwe. Maana yake pia ni kwamba kina mama wengi zaidi waliovuja damu wako hai, wanalima, wanalea, na baadhi yao wanatembea na tezi iliyokufa nusu bila mtu kuwauliza kama maziwa yalitoka.

Kwenye uvujaji huo wa damu ndipo tulipothibitisha kwamba utafiti mkubwa unaweza kufanyika kwetu. Utafiti wa E-MOTIVE, uliochapishwa mwaka 2023, ulifanyika Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania, katika hospitali 80 na wanawake zaidi ya laki mbili. Kwa kutumia shuka la plastiki lenye mistari ya kupimia damu na kuanza tiba zote kwa pamoja, uvujaji mkali ulipungua kwa asilimia 60. Hatukuwa wa kusubiri majibu kutoka nje. Tulikuwa sehemu ya majibu.

Kwa upungufu wa homoni za balehe, mfano wangu ni Adana. Adana ni mji wa mkoani kusini mwa Uturuki, na watu wake wanajulikana zaidi kwa pamba na nyama ya kuchoma. Daktari wa watoto wa chuo kikuu cha huko, Kemal Topaloğlu, aliziandika familia zilizomjia na watoto wasiobalehe, akachora miti ya koo zao, akahifadhi damu. Mwaka 2009, yeye na wenzake wa Cambridge walitangaza jeni mbili, TAC3 na TACR3, ambazo hakuna aliyejua kwamba ubongo unazitegemea kuanzisha balehe. Ugunduzi huo ulichangia kuwaelekeza wataalamu kwenye dawa ya kupunguza joto la ghafla linalowasumbua wanawake waliokoma hedhi, dawa iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2023. Safari ile ilianzia kwenye madaftari ya kliniki ya mkoani.

Leo zinajulikana jeni zaidi ya 40 zinazohusika na tatizo hili, na bado karibu nusu ya wagonjwa duniani hawapatikani jeni yoyote. Familia za Kiafrika ni chache mno katika orodha hizo. Dodoma ina Chuo Kikuu chenye shule ya udaktari tangu zaidi ya muongo uliopita, ina Hospitali ya Benjamin Mkapa jirani yake, ina Bunge linalopitisha bajeti ya afya umbali wa daladala moja. Ninachokiomba kutoka kwao ni daftari: rejista moja ya kanda, ambamo kila mtoto aliyevuka 14 bila kubalehe anaandikwa, pamoja na swali la pua, la selimundu, la uzito, na la mjomba asiyeoa. Kutoka kwa Wizara naomba kwamba sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 inapoendelea kutekelezwa, sindano za homoni za uzazi ziwemo kwa wagonjwa hawa, kwa sababu bila hizo tumewapa jina la ugonjwa tu.

Mpwa wangu alianza sindano mwaka jana. Mwezi wa tano alimpigia bibi yake simu, na bibi akakata. Akapiga tena. "Nani mwenzangu?" mama akauliza kwa ukali wa mtu anayedhani anatapeliwa. Kijana akacheka, na kwenye kicheko ndipo alipomtambua.

Ana mdogo wake wa miaka 12. Mama alimfunga macho kwa kanga, akampa karafuu, limau na maziwa aliyoyaunguza kwa makusudi, na mtoto akavitaja vyote. Daktari amefurahi, lakini amesema pua peke yake haimwondoi kwenye orodha, aletwe akitimiza 14. Mama ameiandika tarehe hiyo kwa mkaa, kwenye ukuta wa jiko.